Kuishi ndani ya mashua ya tanga huku nikifanya kazi ya mtandaoni, kati ya Tanga, Pemba na Kilifi

Mjukuu_wa_Msasani (mwenye swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina umri wa miaka 34, ni mkazi wa Dar es Salaam, na kwa miaka mitano sasa nimeajiriwa na kampuni moja ya Uholanzi kama mpimaji wa programu za kompyuta. Kazi yote naifanyia nyumbani kupitia intaneti. Nina vikao vya video visivyopungua viwili kwa siku, na kimoja kirefu kila Jumatatu, ambacho wenzangu hukianza saa tatu asubuhi ya kwao, yaani saa nne yetu wakati wa majira yao ya joto na saa tano wakati wa baridi yao.

Nimekulia Msasani, na marehemu babu yangu alikuwa na mashua ya kuvulia. Bahari naijua kwa kiasi, lakini sijawahi kulala chomboni zaidi ya usiku mmoja. Hivi karibuni mgeni mmoja anayerudi kwao ameniambia kwamba anauza mashua yake ya tanga, ya faiba, yenye urefu wa mita 10, injini ya dizeli, vitanda vinne na jiko la gesi. Mimi na mke wangu tumelizungumza jambo hili kwa miezi miwili. Tunataka kuacha nyumba ya kupanga, tuishi humo mwaka mzima tukihama polepole kati ya Tanga, Pemba na Kilifi, na ajira yangu iendelee kama ilivyo.

Ninamwomba aliyeishi hivi mwenyewe anieleze mambo matatu. Je, umeme na intaneti vinatosha kweli kwa kazi ya saa nane kwa siku? Kusi, ule upepo wa kusini, ikikaza, mtu anakaa wapi? Na ni jambo gani ambalo muuzaji hatalitaja, nami nitalijua nikiwa nimeshalipa?

Mfasiri_wa_Kilifi

Mdogo wangu, mimi ni mfasiri wa nyaraka, na nimeishi ndani ya mashua ya mita 11 kwa miaka minne, sehemu kubwa ya muda huo nikiwa nimetia nanga Kilifi. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linaloamua mengine.

Wengi wanadhani kwamba mtu anayeishi hivi anafanya kazi huku tanga limejaa upepo. Haiwezekani. Chombo kikiwa safarini kimelala upande, kinapanda na kushuka, na mtu anayekodolea macho kioo cha kompyuta kwa dakika ishirini atatapika hata kama ni mzaliwa wa Pate. Isitoshe, mko wawili tu. Wewe ukiwa kikaoni, nani anatazama mbele? Siku ya safari ni siku ya likizo. Iombe mapema kwa mwajiri wako, na uombe pamoja nayo siku mbili au tatu za akiba, kwa kuwa upepo haujui tarehe ulizopanga. Katika mwaka wangu wa pili nilisafiri siku zisizozidi ishirini. Zilizobaki zote nilikuwa nimetia nanga, kwa hiyo mahali unapotia nanga ndipo ofisini kwako, na unapaswa kupachagua kwa uangalifu uleule ambao ungekichagua chumba cha kupanga mjini.

Safari mnayoitaka majahazi yameifanya kwa karne nyingi, lakini hayakuifanya wakati wowote tu. Kusi huingia Aprili na hukaza Juni hadi Agosti. Kaskazi, upepo wa kaskazini, huvuma Desemba hadi Machi. Na kati yake, Oktoba na Novemba, hupatikana matlai, ambao ni upepo mwanana. Juu ya hayo, mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na kusi ikiusukuma huweza kufikia maili 4 za bahari kwa saa, wakati mashua ya mita 10 yenyewe huenda maili 5 au 6 kwa saa. Maana yake ni kwamba kutoka Tanga kwenda Kilifi mwezi Julai, mwendo wa takriban maili 100, bahari itachafuka lakini upepo na mkondo vyote vitakubeba. Kurudi mwezi huohuo ni kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, usiku na mchana bila kupiga hatua. Nililijaribu mara moja, mwezi Agosti, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mteja kwamba tutaonana Tanga. Baada ya saa kumi na mbili nilikuwa bado sijaivuka Mtwapa. Niligeuza chombo nikarudi Kilifi, na mteja nikamfuata kwa basi.

Kwa hiyo msihame polepole kila mwezi. Pandeni kaskazini kusi ikiwa changa, kaeni Kilifi miezi yote ya kusi, ambako mkono wa bahari umeingia ndani ya nchi kavu na mawimbi ya bahari kuu hayafiki, kisha mshuke kaskazi ikishika, Desemba au Januari. Zamani tuliambiwa kwamba vimbunga havifiki kwetu, ingawa Zanzibar ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Msimalize Aprili na Mei bila kusoma utabiri kila asubuhi, na msitie nanga mahali palipo wazi katika miezi hiyo.

Jambo ambalo muuzaji hatalitaja, kwa sababu kwake limekuwa la kawaida, ni hesabu ya mnyororo. Mwezi wangu wa kwanza nilitia nanga penye kina cha mita 4, maji yakiwa yamekupwa. Kutoka usawa wa maji hadi omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ni mita 1, jumla 5. Nikateremsha mnyororo wa mita 25, mara tano kama nilivyofundishwa, nikakaa kufanya kazi. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Saa sita baadaye maji yalikuwa yamepanda karibu mita 4, jumla imekuwa 9, na mnyororo uleule haukufika hata mara tatu. Nilikuwa kikaoni na watu wa Nairobi nilipoona dirishani kwamba mbuyu uliokuwa ubavuni mwangu umehamia mbele. Chombo kilikuwa kinakokota nanga, na nyuma yangu palikuwa na mtumbwi wenye watu wawili na nyavu zao. Niliiacha kompyuta wazi nikakimbilia injini, na wale wa Nairobi walisikia kila nilichokipiga kelele. Siku ile nilihitaji mita 45. Piga hesabu kwa maji yaliyojaa, daima, na uweke kengele ya simu itakayolia chombo kikitoka kwenye duara lake.

Fundi_Sola_Mtwapa

Kaka, dada amemaliza habari za nanga, nami nitajibu la umeme, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na nimefunga mitambo kwenye vyombo kadhaa vya aina hiyo.

Usikubali maneno kama «umeme unatosha» bila hesabu. Kompyuta mpakato na kioo cha pili ni takriban wati 60, mara saa nane ni wati-saa 480. Antena ya kawaida ya Starlink, intaneti ya satelaiti, hula wati 60 hivi. Ukiiwasha saa kumi ni 600. Friji ndogo ya chomboni, kwa joto letu, ni 500 au 600 kwa siku. Feni, taa, pampu ya maji na simu ni 200. Jumla inakaribia wati-saa 1,900, yaani karibu uniti mbili za LUKU kila siku. Kwa upande wa jua, pwani yetu hutoa wastani wa kama saa tano za jua kali kwa siku, lakini joto, chumvi juu ya kioo na kivuli vitakupunguzia, na mimi huhesabu asilimia 70 tu. Paneli za wati 600 zitakupa 2,100. Hiyo inatosha, na ziada yake ni ndogo. Kwa betri, chukua za lithiamu za volti 12, amp-saa 300, ambazo zitakuvusha siku moja na nusu ya mawingu mazito. Betri za asidi ni rahisi kununua, lakini nusu ya chaji yake huwezi kuigusa bila kuziua, na kwa uwezo uleule utabeba uzito mara kadhaa.

Kivuli ndicho kinachowashangaza watu. Mteja wangu mmoja alilalamika kwamba paneli zake ni mbovu, kwa kuwa kila siku saa tano asubuhi umeme ulishuka karibu nusu kwa muda wa saa nzima. Nilipanda chomboni nikakaa naye nikitazama. Kamba moja ya mlingoti, nene kama kidole gumba, ilikuwa inapitisha kivuli chake juu ya paneli kwa urefu wote. Tulizihamishia nyuma, juu ya usukani, na tatizo likaisha.

Kuhusu intaneti, watu husema «nina laini mbili za makampuni mawili, kwa hiyo niko salama». Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko kwa pamoja, kwa sababu makampuni mengi yalizitegemea kebo zilezile. Njia mbili za kweli ni zile zisizokutana baharini. Kwa hiyo weka laini ya simu kwa siku za kawaida, kwa kuwa kisambazaji chake hula wati chache tu, na satelaiti kwa vikao vya lazima. Lakini elewa kwamba Starlink hutumika kwa idhini ya kila nchi. Kenya huduma ilianza Julai 2023, na idhini hiyo haivuki mpaka pamoja na mashua. Kabla ya kuingia Tanzania na kifaa hicho waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakujibu kwa maandishi.

Jambo dogo la mwisho ni kamba za kupandishia tanga. Kusi ya alasiri huzigongesha kwenye mlingoti wa alumini, na sauti ile hupitia kwenye mwili wa chombo hadi kwenye kipaza sauti chako. Zivute mbali na mlingoti uzifunge pembeni kila jioni, hata kabla upepo haujaanza.

Karani_wa_Bandari

Nitaongeza la karatasi, kwa ufupi. Pemba na Kilifi ni nchi mbili. Kila mnapovuka mtaaga forodha na uhamiaji upande mmoja na kujiandikisha upande wa pili, na mtaingia maji ya nchi ya pili mkiwa mmepandisha bendera ya njano hadi mtakaporuhusiwa. Kwa upande wa Tanzania Bara usajili na ukaguzi wa chombo uko chini ya TASAC, shirika la uwakala wa meli, na kwa Zanzibar, Pemba ikiwemo, kuna mamlaka yake ya usafiri wa baharini. Mashua iliyoingizwa na mgeni kwa muda huenda haijalipiwa ushuru kabisa. Usitoe hata senti kabla hujaiona hati ya forodha, kwa sababu deni hilo huhamia kwa mnunuzi.

Vilevile mwambie mwajiri wako ukweli kwamba utakuwa unafanya kazi kutoka nchi mbili. Ukikaa Kenya siku 183 au zaidi katika mwaka, unahesabika mkazi kwa ajili ya kodi, na kukaa Kilifi tangu kusi ikiwa changa hadi Desemba, kama alivyosema dada, kunaipita hesabu hiyo. Nimewaona watu wawili wakilificha jambo hili, na wote walikuja kulipa mara mbili.

Fundi_Mkuu_Tanga

Mwanangu, nimetengeneza vyombo kwa miaka arobaini, vya mbao kwanza na vya faiba baadaye. Hakuna aliyekuambia namna ya kukikagua chombo chenyewe, nami nisingependa ununue ugonjwa wa mtu.

Mwambie muuzaji akilaze ukavu siku ya bamvua. Kwa maji yetu yanayopanda na kushuka karibu mita 4 huhitaji mtambo wa kuinua: kinaingizwa maji yakijaa kwenye mchanga mgumu, kinaegemezwa kwenye nguzo au ukuta, na maji yakitoka una saa tano au sita za kukizunguka kwa miguu. Chukua nyundo ndogo ya mbao ugonge mwili wote wa chini, shubiri kwa shubiri. Penye afya hulia kwa sauti kavu, na penye maji ndani ya faiba hulia butu, kama papai lililoiva. Ukiona malengelenge, toboa moja: likitoa maji yenye harufu ya siki, teremsha bei au ondoka. Zungusha kwa mkono kila vali ya bomba linalotoboa mwili wa chombo. Inayogoma ibadilishwe kabla hujalala humo, kwa sababu bomba likipasuka usiku hutakuwa na cha kulifungia. Uliza umri wa nyaya za chuma zinazoushika mlingoti. Zikizidi miaka kumi, weka fedha ya nyaya mpya kwenye bei.

Majahazi ya mbao tuliyapaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili minyoo ya bahari isiyatoboe. Faiba minyoo haiiwezi, ila viumbe wengine hunata. Chombo kinachokaa kimetulia mikononi mwa bahari, kwenye maji ya vuguvugu, huota ndevu na chaza kwa kasi ambayo mtu wa mezani haitegemei. Rangi ya kuzuia viumbe hupakwa upya kila mwaka, na katikati yake utazamia mwenyewe na brashi kila juma la pili. Usipofanya hivyo, siku utakayohitaji kukimbia upepo injini itanguruma na chombo hakitakwenda. Hiyo nayo ni kazi, mwanangu. Mwenye ajira ya saa nane anaongeza saa mbili za chombo kila siku, na lazima azipangie nafasi yake.

Mjukuu_wa_Msasani

Shikamoo Mzee, na nyote nawashukuru kwa dhati. Nimemwomba muuzaji akilaze chombo ukavu bamvua ijayo, na amekubali, ingawa hati ya forodha bado anasema anaitafuta. Nitasubiri hadi aipate.

Limebaki moja, ambalo nilikuwa nikiliahirisha. Mke wangu hajui kuogelea. Yeye ndiye aliyeupenda mpango huu zaidi yangu, na nisingependa mtu amkatishe tamaa bure, lakini nisingependa pia nimpeleke mahali ambapo nitakuwa ninamwangalia kwa hofu kila anapotoka nje. Je, kuna aliyepitia hali hii?

Mama_Ngalawa

Mimi nimeipitia. Nilihamia chomboni na mume wangu nikiwa na miaka 29, sijui hata kuelea, na sasa ni mwaka wa sita.

Ajifunze kuogelea kabla ya kuhama, si baada ya hapo, na wala si kwako. Mume wangu alijaribu kunifundisha, tukaishia kununiana. Dada mmoja jirani alinichukua pwani kila asubuhi maji yakijaa nusu, akanifundisha kwanza kulala chali na kutulia, kabla hajanionyesha kupiga miguu. Ilinichukua majuma sita. Hatari kubwa kwa asiyejua kuogelea haiko chomboni kwenye safari, ambako mtajifunga kamba wote wawili. Iko kwenye kidau cha kwendea ufukweni, usiku, mikono ikiwa na vikapu vya sokoni. Jaketi la kuokolea livaliwe kila mnaposhuka humo, na wewe ulivae pia, ili lisiwe vazi la kumtambulisha yeye kuwa mwoga. Na ngazi ya kupandia chomboni iteremshwe majini kila wakati mnapotia nanga. Ngazi iliyokunjwa juu haimfai aliyeko chini.

Lakini kuna jambo hujaliuliza, nami nitakwambia kwa sababu nililia kwa ajili yake. Mashua ya mita 10 ina chumba kimoja. Wewe ukiwa kikaoni, yeye hawezi kukaanga samaki, hawezi kuzungumza na mama yake kwenye simu, hawezi kuvuta maji chooni. Atakaa juu, chini ya turubai, katika joto la Machi ambalo ndani hufika nyuzi 34, akisubiri Waholanzi wamalize. Mwaka wetu wa kwanza mimi nilikuwa kama mgeni aliyeingia ofisini kwa mtu. Tuliponea kwa kukubaliana mambo mawili: vikao vyote virefu avifanyie asubuhi, nami saa hizo nishuke nchi kavu kwenye shughuli zangu, na kidau kiwe changu saa hizo bila kuomba. Nilianza kununua kamba na kaa kwa wavuvi na kuwauzia watu wa hoteli, na biashara hiyo ndiyo iliyonifanya nipende kukaa pale. Mwulize mkeo atafanya nini saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Akiwa na jibu lake mwenyewe, mtaishi vizuri.

Na kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji awakodishe mashua hiyo mwezi mzima wa Machi, ikiwa imetia nanga tu, nawe ukifanya kazi zako zote. Machi ina joto, kaskazi inakatika, mbu wa mikoko wanatoka jioni na mvua za masika zinaanza kunyesha mwishoni, kwa hiyo mtafunga madirisha na kujua ndani kunakuwaje. Chukueni chandarua cha kufunika kila tundu la juu, na hesabuni maji: sisi wawili tunatumia lita 35 kwa siku tukijibana, na kila lita tunaibeba kwa kidau.